Watazamaji Hawakumpenda Verlyn

Mtu wa kwanza kutoa maoni juu ya sinema ile aliipa nyota moja, akaongeza kwamba angetoa nusu kama tovuti ingemruhusu. Wa pili alisema aliitazama huku akipiga pasi, na kwamba pasi ndiyo iliyomsisimua. Arlys Goedken aliyasoma hayo asubuhi, ameketi kwenye kiti cha dereva cha basi la shule, injini ikipata moto, na kabla hajaondoka uwanjani alikuwa ameshawapa wote wawili vidonge vyao. Yule wa pasi alimwambia anyooshe nguo zake na adabu zake pamoja.

Hakuwa mtu wa mitandao. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na sita, nyonga ya kushoto imeharibika kwa kukaa kwenye kiti kile, akitembea kwa kuyumba upande mmoja kama aliyebeba ndoo. Hapa kwetu Pruitt, mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, kusini mwa jiji la Des Moines, karibu kila mtu aliye chini ya miaka arobaini amewahi kuambiwa na Arlys akae chini, na akakaa. Daktari wetu wa meno amewahi kuambiwa. Diwani wetu ameambiwa mara nyingi zaidi. Hasira zake tulizichukulia tunavyoichukulia baridi ya Januari: tulivaa vizuri, tukaendelea na shughuli zetu.

Lakini mwaka ule zilikuwa hasira nyingine. Machi alikuwa amemzika mumewe, Verlyn, na ilipofika Septemba watu wasiomjua wakaanza kumcheka.

Sinema yenyewe iliitwa Mvunaji wa Pruitt. Aliitengeneza Tanner, mtoto wa kaka yake Arlys, ambaye siku za kazi huuza vipuri vya matrekta na mwisho wa wiki huua watu mbele ya kamera. Muuaji wake alivaa ovaroli na gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho, akashika panga la kukatia mahindi, akauzunguka mji usiku wa Halowini akichinja. Damu ilikuwa sharubati nzito ya mahindi iliyotiwa rangi ya keki, na ilipikwa kwenye masufuria ya Arlys. Waigizaji tulikuwa sisi wenyewe, na malipo yetu yalikuwa bakuli la chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini pembeni, kama tulivyolishwa shuleni. Mke wa mchungaji aliuawa kwenye duka la kufulia nguo, na mpaka leo hachoki kuulizwa ilikuwaje.

Tulijua ni sinema ya kuungaunga. Kamera ilikuwa moja, na kwenye tukio la makaburini kivuli cha Tanner kinaonekana wazi, kimeshika sandwichi. Hayo wangeyasema tungenyamaza. Kilichotuudhi ni mambo waliyoyasema bila kujua chochote.

Hapa kwetu watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita majumbani kuomba peremende tarehe thelathini Oktoba, Usiku wa Ombaomba, na hakuna mtoto anayetiwa peremende mfukoni bila kutoa kichekesho kwanza. Tumelelewa hivyo, wazazi wetu walilelewa hivyo, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba nchi nyingine yote inafanya kesho yake, tena bila kichekesho. Kwa hiyo Tanner aliifungua sinema yake kwa kalenda ya jikoni, tarehe thelathini imezungushiwa wino mwekundu na pembeni imeandikwa Halowini. Tuliitazama kwenye ukumbi wa kanisa, mji mzima, na hakuna hata mmoja aliyeona kasoro.

Watazamaji waliiona. Mtu wa Florida, ambako boga lenyewe la Halowini haliishi wiki moja barazani bila kuoza, aliandika kwamba hawa wametengeneza sinema ya Halowini na hawajui Halowini ni tarehe ngapi. Mwingine akasema muuaji huyu amewahi siku moja kwa sababu anaogopa foleni. Wakahamia kwenye vichekesho. Nani kaandika upuuzi huu, waliuliza, wa watoto kusimama barazani wakitoa vichekesho kama walioajiriwa? Arlys aliwajibu mmoja mmoja, kwa kidole kimoja, na majibu yake hayafai kurudiwa mbele ya mchungaji.

Kisha wakafika kwa Verlyn.

Verlyn alikuwa mstaafu wa kiwanda cha matairi, mtu mrefu, mpole, mwepesi wa kucheka kupita kiasi. Kila Usiku wa Ombaomba aliketi barazani na bakuli la peremende mapajani, na kichekesho kimoja akikisikia kwa watoto kumi, alikicheka mara kumi. Tanner alipiga picha tukio lake usiku wenyewe, pamoja na watoto wenyewe, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kukodi wengine. Msichana mdogo aliyevaa kama ng'ombe anapanda ngazi na kumuuliza Verlyn ng'ombe anamwambia nini ng'ombe mwenzake. Verlyn anauliza anamwambia nini. Msichana anasema hamwambii kitu, ni ng'ombe. Basi Verlyn anacheka mpaka anashika nguzo ya baraza. Msichana anaondoka na peremende zake. Hatua nzito zinasikika, muuaji anapanda ngazi, Verlyn anainua kichwa, analiona gunia, analiona panga, na badala ya kupiga kelele anatabasamu. Anatabasamu uso mzima. Panga linashuka, sharubati inaruka, na mtu anakufa akitabasamu.

Watazamaji walilikamata tabasamu lile wakacheza nalo. Mwigizaji mbaya kuliko wote niliowahi kuona, aliandika mmoja. Huyu mzee hata hajaambiwa kwamba yumo kwenye sinema, aliandika mwingine. Wakakikata kipande hicho, wakakitia muziki wa sarakasi, kikasambaa. Siku moja Arlys alikisikia ndani ya basi lake, nyuma, kwenye simu ya msichana wa sekondari aliyehamia mjini majuzi. Alilisimamisha basi kwenye barabara ya changarawe, mahindi makavu pande zote mbili, akazima injini, akaketi akitazama mbele. Simu ilipitishwa mkono kwa mkono mpaka ikamfikia, ndipo akawasha injini. Jioni aliirudisha kwa mama wa msichana, akamwambia yule anayechekwa na mwanao ni mume wangu, na amekufa.

Kuna jambo ambalo watazamaji hawakulijua. Ndani ya gunia, usiku ule, alikuwa Arlys.

Muuaji wa sinema nzima alikuwa Brock, kijana wa shambani mwenye mabega mapana. Usiku wa tukio la Verlyn hakutokea. Tanner alieleza kwamba mvua inakuja na baba yake Brock amembakiza kwenye mashine ya kuvunia, na hakuna aliyeuliza zaidi, maana Oktoba mahindi ndiyo bosi wa kila mtu. Arlys alikuwa ametoka nje na sufuria la damu. Wakamvisha ovaroli, wakamshindilia gunia, wakamkabidhi panga la mpira na kumwambia apande ngazi. Alipanda anavyopanda siku zote, kwa kuyumba, na Verlyn alipomwona akaanza kutabasamu. Wakarudia. Akatabasamu tena. Watoto walikuwa wanatetemeka na chili inapoa. Mara ya mwisho Arlys alimwinamia na kumnong'oneza kutoka ndani ya gunia, "Kufa basi, Verlyn. Watu wana njaa." Verlyn akacheka mpaka peremende zikamwagika, na Tanner akaitumia hiyo hiyo.

Miezi miwili iliyofuata Arlys aliisimulia hadithi hii kila walipokaa kucheza karata. Mume wangu alinijua kwa mwendo, alikuwa akisema, akaniharibia uuaji wangu. Halafu Januari Verlyn akamketisha mezani, akamwambia daktari amegundua saratani kwenye kongosho na kwamba imeshasambaa. Machi akafa. Tukala vibonge vya nyama ya nguruwe kwenye ukumbi wa kanisa, tukamshika Arlys mkono mmoja baada ya mwingine, na hadithi ya panga hakuisimulia tena.

Jumapili moja mwanzoni mwa Oktoba Tanner alikuja kwa shangazi yake baada ya ibada. Alikula bakuli la kwanza kimya, na Arlys akajua kuna jambo. Kumbe kuna kampuni ya California inaitaka sinema. Watu wanaicheka, lakini wanaitazama, na kampuni inataka kuisambaza kabla Oktoba haijaisha, mradi irekebishwe. Kalenda ionyeshe tarehe thelathini na moja. Vichekesho vitoke. Na mtu wa barazani afe kama watu wanavyokufa. Tanner alikuwa ameshampata mwigizaji wa Des Moines, mtu wa jukwaani hasa. Walihitaji baraza ile ile na kiti kile kile, na walimhitaji Arlys ndani ya gunia, kwa sababu kwenye ngazi zile mwendo wake unaonekana na hakuna mwingine mwenye mwendo huo.

"Kwa hiyo unataka nimchinje mtu mwingine kwenye kiti cha Verlyn," Arlys alisema.

"Ni sinema tu, Shangazi."

"Najua ni sinema. Damu nilipika mimi."

Tanner alimweleza taratibu, kama mtu anayemshusha ng'ombe kwenye lori, kwamba sinema hii ni miaka yake sita, kwamba hajawahi kupata nafasi kama hii na huenda asipate nyingine. Hakuwa mwongo katika hilo. Alisema Mjomba Verlyn angeelewa. Hapo ndipo alipokosea.

"Usinitajie angeelewa," Arlys alisema. "Picha za harusi yetu amenuna kwa sababu viatu vilimbana. Za hospitali sitaki kuziona. Nimebakiwa na hiyo moja tu ambayo mtu anacheka na sauti yake inasikika. Amenijua kwa mwendo, amefurahi, basi. Na wewe unataka kuifuta kwa ajili ya mtu wa Florida?"

Tanner aliweka kijiko chini. Alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Sisi tunaomfahamu tunajua hana kifua cha kutunza siri, na kwamba hii aliitunza zaidi ya mwaka mzima ni ajabu.

"Hakukujua kwa mwendo," alisema. "Alijua kabla hujapanda."

Arlys alimtolea macho.

"Brock hakuwa kwenye mashine, Shangazi. Alikuwa kwao anaangalia mpira. Mjomba aliniomba nimwambie asije. Alisema kama lazima kuna mtu wa kumjia na panga, basi awe mke wake."

"Kwa nini aseme hivyo?"

"Kwa sababu nilikuwa nimempeleka hospitali. Agosti. Wewe ulikuwa kwenye mafunzo ya madereva."

"Agosti ipi?"

"Ile ya kabla ya kupiga picha."

Maneno yalichukua muda kumwingia. Arlys alikuwa ameambiwa Januari. Mezani hapo hapo, kwenye kiti alichokalia Tanner, Verlyn alimwambia kwamba daktari amegundua. Hakumwambia amegundua lini. Tanner akamwaga yote, maana alikuwa ameshaanza: kwamba Verlyn alimwapisha, kwamba alisema Arlys akijua atamwendesha kama basi, atamhesabia vidonge, ataongea naye kwa sauti ya kanisani na kuacha kumgombeza. Alitaka apate miezi yake ya kugombezwa kama kawaida.

"Ukakaa kwenye meza hii," Arlys alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, jambo lililomtisha Tanner kuliko kelele. "Majira yote ya vuli. Ukala chili yangu. Ukasimama nyuma ya kamera yako, ukaniacha nimwambie mtu anayekufa afe."

"Shangazi..."

"Toka kwangu."

Alitoka bila koti. Arlys alilitupa koti barazani, akafunga mlango, akasimama jikoni akiwa hajui mikono yake aipeleke wapi. Kila kitu alichokifanya vuli ile kilianza kumrudia, na hakuna hata kimoja kilichorudi jinsi kilivyokuwa. Alimgombeza Verlyn kwa kubakiza nusu ya chakula, akamuuliza kama mapishi yake yamemchosha. Novemba alimpandisha kwenye ngazi azibue majani kwenye mifereji ya paa, akasimama chini ameishika, akimsema kwa uzembe. Verlyn alizibua upande mzima wa mbele. Alishuka akiwa mweupe usoni, na Arlys akamwambia upande wa nyuma unamngoja.

Jioni ile alimchukia mumewe. Lisemwe wazi, kwa sababu mwenyewe alilisema wazi baadaye, kwa dada yangu, wakiosha vyombo kanisani. Watazamaji unaweza kuwajibu. Tanner unaweza kumfukuza. Lakini Verlyn alikuwa amejificha mahali ambapo sauti ya Arlys, iliyowaketisha watu wa mji mzima, haikuweza kufika. Alilivuta koti la baridi la Verlyn kutoka kwenye msumari, akalisokomeza kwenye mfuko wa taka, akaupeleka nje, kisha akaufuata tena akiwa anamtukana. Tabasamu alilolipigania mtandaoni wiki zote zile halikuwa lake. Yeye aliliita furaha, kumbe mwenzake alikuwa anaaga, na hakumwambia kwamba anaaga.

Jumatano alimpigia Tanner simu.

"Mlete huyo mtu wako wa Des Moines," alisema. "Futa ya Verlyn. Nitamchinja huyo."

Tanner alitaka kusema kitu, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Jumamosi walikuja na taa zao. Mwigizaji aliitwa Wendell Oakes, mtu mwenye adabu na mvi zilizochanwa vizuri, aliyeshukuru kwa kahawa na kuuliza kama kiti kina historia yoyote anayopaswa kuijua. Arlys alimwambia ni kiti. Kalenda ilikuwa imebadilishwa. Hapakuwa na ng'ombe wala kichekesho. Wendell aliketi na bakuli mapajani, Arlys akavaa gunia, akapanda ngazi kwa kuyumba kwake, na Wendell akapiga yowe lililofungua madirisha ya jirani. Alikufa vizuri sana. Fundi wa sauti alimpongeza. Tanner aliomba warudie mara moja, kwa usalama.

Mara ya pili Arlys alipanda taratibu zaidi. Ndani ya gunia palikuwa na harufu ya vumbi na ya pumzi yake mwenyewe, na matundu mawili yalimwonyesha kiti, bakuli na magoti ya mwanamume. Wendell aliinua kichwa na kufungua mdomo. Arlys hakumngoja.

"Ulijua," alisema.

Alimkamata ukosi wa sweta. Panga lilikuwa mkono wa pili na alikuwa amelisahau.

"Ulijua, ukanyamaza. Ukapanda ngazi kwa sababu nimekutuma, ukazibua majani ukiwa unakufa, na ukashuka, na mimi nikakusema. Kwa nini hukuniambia? Ningekugombeza vilevile. Ningekugombeza mpaka siku ya mwisho, kwani mimi najua nini kingine? Lakini ningekuwa na wewe. Miezi mitano, Verlyn. Miezi mitano ulikuwa unaniaga peke yako."

Panga la mpira lilikuwa limepinda kwenye bega la Wendell. Hakupiga yowe. Alikuwa amemshika Arlys kiwiko, kama mtu anayemzuia mwingine asianguke, na uso wake haukuwa wa mwigizaji. Hakuna aliyesema wasimame. Kamera iliendelea kwa sababu Tanner alisahau kuizima. Mwishowe Arlys alivua gunia, nywele zimemsimama, akawaambia chili iko jikoni na mabakuli yamo kwenye kabati la juu, akaingia ndani na kupanda chumbani kwake.

Tanner hakuonekana siku nne. Siku ya tano alibisha hodi, akabaki nje ya kizingiti na kompyuta kifuani, akisubiri aambiwe aingie. Hakuambiwa, lakini mlango haukufungwa, basi akaingia. Aliiweka kompyuta mezani, akabonyeza, akarudi nyuma hatua kadhaa kama aliyewasha fataki.

Kalenda ilikuwa imerudi tarehe thelathini. Msichana ng'ombe alipanda ngazi na kutoa kichekesho chake, na Verlyn, Verlyn mwenyewe, akacheka mpaka akashika nguzo. Hatua nzito. Gunia. Verlyn akainua kichwa, akatabasamu uso mzima, na kutoka ndani ya gunia ikatoka sauti ya Arlys ya Jumamosi. Ulijua. Ulijua, ukanyamaza. Mambo ya ngazi na majani Tanner alikuwa ameyaondoa, na jina pia. Alibakiza swali, na alibakiza miezi mitano. Verlyn alilisikiliza lote akiwa anatabasamu, macho hayabanduki kwenye matundu ya gunia, na mwisho akacheka kidogo, peremende zikamwagika, panga likashuka.

Wendell hakuwemo hata kidogo. Tanner alieleza harakaharaka kwamba California wameiona na wameikubali jinsi ilivyo, pamoja na tarehe yake na vichekesho vyake, lakini hawajapewa ruhusa, na hatawapa mpaka Arlys aseme. Akisema hapana, ataifuta usiku huo huo.

"Umeniibia," Arlys alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Yale niliyasema kwake. Hayakuwa ya watu."

"Najua. Na Mjomba ndiye niliyemwekea."

Arlys alikuwa na maneno ya kutosha kumtoa mbio mpaka barabara kuu. Kisha akavuta kiti, akaketi, akamwamuru arudishe mwanzo. Aliitazama mara nyingine, na nyingine. Mara ya tatu aliusogeza uso karibu na kioo, na Verlyn alipotabasamu, midomo ya Arlys ikatembea pamoja na sauti yake mwenyewe, neno kwa neno. Tangu Jumapili ile alikuwa anatafuta mahali pa kumfokea mtu huyu. Sasa alikuwa anamfokea, na mwenzake alikuwa anamsikiliza.

"Iache," alisema. "Lakini usidhani nimekusamehe. Wala yeye sijamsamehe."

"Sawa, Shangazi."

"Na chukua koti lako. Liko kwenye baraza tangu siku ile, limenyeshewa."

Sinema ilitoka upya wiki ya mwisho ya Oktoba, na maoni yakaanza kumiminika. Nyota nne. Nyota nne na nusu. Watu wale wale waliolicheka tabasamu waliandika kwamba limewakosesha usingizi. Walimsifu mwandishi kwa maneno yale machache ya muuaji. Walimsifu mzee wa barazani kwa utulivu wake, wakauliza amewahi kuigiza nini kingine. Tarehe thelathini, walisema sasa, ni ishara, maana muuaji amekuja kabla ya wakati. Arlys aliyasoma hayo asubuhi kwenye basi, injini ikipata moto, na hasira zilimpanda kama zilivyompanda Septemba, kwa sababu walisifu walivyotukana, bila kujua chochote. Hakumjibu hata mmoja.

Kisha mwanamke mmoja wa Nebraska akaandika kwamba ameitazama mara mbili na bado haelewi. Aliomba mwenye kujua amweleze, yule mzee alijua nini hasa? Chini yake mjadala ulikuwa mrefu. Wengine walisema mzee aliwahi kushuhudia mauaji akaficha. Wengine walisema muuaji ni binti yake aliyemtelekeza. Mmoja alikuwa ameandika aya sita kuhusu kisima. Arlys aliwasoma wote mpaka wa mwisho, akavua glavu ya mkono wa kulia, na akaandika kwa kidole kimoja.

"Alijua anakufa. Mimi ndiye niliye ndani ya gunia, na mimi ni mke wake. Hakuniambia."